Bamba la Nyuma ya Kiti

Jumamosi ile nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mjukuu wangu amelifunga fagio letu kwa kamba, akalitundika kwenye chuma cha pazia, limelala hewani. Kwenye mti wa fagio alikuwa amening'iniza vifuko vya plastiki: maharagwe, mchele, chumvi, na dengu nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya Jumapili. Kila kifuko alikiandika kwa kalamu nene.

"Maharagwe yangu yamefanya kosa gani?" nikamwuliza.

"Koko, usiguse! Hayo si maharagwe tena. Hizo ni bunduki za ndege."

"Na Jumapili tutakula bunduki?"

"Tutakula sombe, majani ya muhogo yapo. Kaa kwanza, nikuonyeshe."

Nikakaa kitandani, maana chumba chetu pale mtaa wa Point ni kimoja, kiti kiko kimoja, na kiti alikuwa amekipanda yeye. Ana miaka kumi na tisa. Yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea mambo ya mashine, wasichana wako watatu tu katika darasa lao. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Lakini majina ninayo yote, ya walimu wale wa darasa la tatu, ya wanawake niliofanya nao kazi Bukavu, kule Kongo, ya watoto wao, ya majirani wa kila nyumba tuliyokaa njiani mpaka kufika Durban. Mjukuu wangu husema koko, yaani bibi yake, ni simu isiyoisha chaji. Hapa sitaandika hata jina moja. Wengine wako hai na hawajaniruhusu, na wengine siwezi kuwaomba tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu wao aliwaambia wachukulie kwamba iko vita, ile kubwa ya zamani ya wazungu. Adui anakuja na ndege za mabomu. Zikishaonekana, ndege yako ya kupigana ina dakika chache tu za kupanda hadi ziliko. Injini mmepewa moja, hakuna nyingine yenye nguvu zaidi. Ndege yenyewe mtaitengeneza kwenye karatasi, kila kitu na uzito wake, na Ijumaa utasimama mbele ya walimu na wageni kueleza umeweka nini, umeacha nini, na kwa sababu gani. Vifuko vya maharagwe vilikuwa vya kutafuta mahali ndege itakapolala sawa, isiinamie puani wala mkiani.

"Sasa marubani wameandika barua," akasema. "Wanalia kwamba bunduki zao ni ndogo. Wanapiga, risasi zinanyesha kama mvua, lakini adui amevaa chuma, haanguki. Wanataka mizinga, ile ya risasi nene inayopasua."

"Wape."

"Eish, koko! Mzinga mmoja ni mzito kama bunduki ndogo kadhaa. Na risasi zake ni chache, ukibonyeza sekunde chache zimekwisha, unarudi nyumbani na chuma tupu. Halafu ukiuweka kwenye bawa, bawa linataka mfupa mnene. Ukinenepesha mfupa, magurudumu yanataka kuwa magumu, la sivyo yatavunjika wakati wa kutua. Na yote hayo yanataka mafuta zaidi ya kuyainua. Kilo moja haiji peke yake, inakuja na ndugu zake."

"Kama wageni wa msiba," nikasema. Akacheka mpaka fagio likayumba.

Nilimwelewa vizuri kuliko alivyodhani. Bukavu kazi yangu ilikuwa kubeba. Zaidi ya miaka ishirini nilibeba unga, chumvi, mchanga, mbao, toka kando ya ziwa mpaka juu sokoni, mzigo mgongoni na mugozi, ile kamba inayopita kwenye paji la uso. Mpaka leo paji langu lina mfereji, watoto wa hapa jengoni huniuliza nilipigwa na nini.

Na sisi tulikuwa na desturi yetu. Mbebaji hajitwishi mwenyewe. Unakaa chini, unaupa mzigo mgongo, unapitisha kamba, na mwenzako anakuinua. Mkono wake ukikuinua umekwisha kuupima mzigo wako. Akisema "huu hapana," unapunguza pale pale, hata mwenye mali afoke namna gani. Hubishi, kwa sababu wewe una watoto nyumbani na utajidanganya kwamba utaweza. Wengi walitaka mkono wangu mimi. Nilikuwa nikigusa tu, nasema kilo zake, wanaenda kwenye mizani ya duka wanakuta hivyo hivyo.

Kwa hiyo nilisimama nikaanza kuvipima vifuko vya mjukuu wangu kiganjani, kimoja kimoja. Nilipofika kwenye kile alichokiandika mafuta, nikamwambia, "Mzigo huu haufiki ulipoandika."

"Unafika. Nimepima mara mbili."

"Mizani yako inakudanganya."

Akashuka kwenye kiti, akabadilisha betri ya mizani, akapima tena. Kifuko kilikuwa pungufu. Akanitazama kama mtu aliyeona muujiza kanisani, akapiga kelele ya "Sharp, koko!" kama vijana wa hapa wanavyosifu, mpaka jirani akagonga ukuta.

Ningependa hadithi iishie pale. Lakini kesho yake, tumetoka kanisani, akanisomea ukurasa wa kwanza wa kazi yake. Aliusoma kwa Kiingereza, halafu akanigeuzia: "Kazi hii ni ya koko yangu, aliyebeba mizigo maisha yake yote, na hakukosea mzigo hata mmoja."

"Nitausoma Ijumaa mbele ya wote," akasema. "Watu wa viwanda watakuwapo. Wajue nimetoka wapi."

Mama yake, ambaye anasuka nywele saluni kule Overport, alipiga makofi. "Mama mkubwa, umekuwa profesa!" Mimi nikasema sufuria inaungua, nikageukia jiko. Hakuna kilichokuwa kinaungua.

Hapa lazima nieleze sisi ni nani. Mama wa mjukuu wangu sikumzaa mimi. Ni mtoto wa mdogo wangu, tumbo moja. Mdogo wangu alifariki siku nyingi, akaniachia huyo binti, na huyo binti akamzaa huyu wa fagio. Kwetu mjukuu wa mdogo wangu ni wangu, hakuna anayeuliza. Katika damu ya mdogo wangu wamebaki hao wawili. Kulikuwa na wa tatu, mtoto wa kiume, alikufa akiwa na miezi minane. Binti yangu anajua kwamba kaka yake mdogo alikufa kwa homa tulipokuwa tunakimbia. Ndivyo nilivyomwambia akiwa na miaka minane, ndivyo alivyomwambia mwanawe.

Siku mbili zikapita, mjukuu wangu anapiga hesabu. Ndege yake haikupanda upesi. Alifuta, akaandika, akaondoa risasi kidogo, akapunguza mafuta, bado inachelewa, mabomu yanaangukia mji kabla haijafika juu. Hakula. Jumanne alasiri, mimi nachambua mchele, nikamsikia amepiga meza.

"Nimepata!"

Alikuwa ameshika kifuko kimoja mkononi. Fagio lilikuwa limeinuka upande mmoja, akasogeza vifuko viwili, likalala sawa.

"Umeondoa nini?"

"Bamba. Chuma cha nyuma ya kiti cha rubani. Kinene sana, koko, na kiko nyuma, kinavuta mkia. Nikikitoa, mizinga miwili niliyoweka inabaki yote, na inafika juu kwa wakati."

"Kile chuma kilikuwa kinafanya nini pale?"

"Kinazuia risasi. Akipigwa kutoka nyuma."

"Na sasa akipigwa kutoka nyuma?"

Akainua mabega. "Atakuwa juu ya adui, hatapigwa kutoka nyuma."

"Nani amesema?"

"Hesabu imesema."

"Hesabu iko na mgongo?"

Akanikasirikia, na alikuwa na haki. "Koko, hakuna mtu ndani! Ni maharagwe! Tena wewe, wewe uliyenisimulia ndege iliyopita juu ya soko lenu mara mbili, unamwonea huruma rubani? Si unaniambia mwenyewe kila siku, mzigo ukizidi upunguze?"

Ni kweli nilimsimulia ile ndege. Ilipita mara ya kwanza juu ya soko, watu wakainua vichwa, ikarudi mara ya pili na mabomu, na watu hawakuinua tena. Siku zote nilipoifikiria niliona tumbo lake tu, la kijivu. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani mlikuwa na mtu amekaa, ana mgongo. Sasa ni mjukuu wangu aliyeniletea mgongo wake mpaka mezani pangu, katika kifuko cha maharagwe, na mimi niliyekuwa na kila sababu ya kufurahi sikufurahi. Nilikuwa naona mgongo mwingine.

Tulitoka Bukavu asubuhi ile ile, baada ya ndege kurudi. Tulikuwa saba, wabebaji wanne na watoto watatu, tunaelekea milimani. Mimi nilikuwa mkubwa. Kila mtu alifunga alichoweza, na mimi nikapita kwa kila mzigo kama kazini, naugusa, nasema huu sawa, huu hapana.

Mzigo wa mdogo wangu ulikuwa hapana. Alikuwa na mtoto mbele kifuani, mgongoni ana sufuria, unga na blanketi. Nilijua ule mlima, niliujua kwa miguu. Nikamwambia, "Utaanguka na mtoto. Toa kitu."

"Nitoe sufuria," akasema.

"Mtakula na nini? Toa blanketi."

"Dada, kule juu iko baridi."

"Tuko saba. Tutalala tumebanana."

Hakubisha. Hatukuwa na desturi ya kubishia mkono. Nililifungua blanketi mimi mwenyewe, nikalikunja vizuri, sijui kwa nini nililikunja vizuri, nikaliweka juu ya ukuta wa nyumba ya watu. Halafu nikamwinua.

Mzigo wangu hakuna aliyeuinua. Niliuegemeza kwenye ukingo wa barabara, nikakaa, nikapitisha kamba, nikasimama peke yangu. Mmoja wa wenzangu alikuja na mikono yake tayari, nikamwambia nimeshasimama, twende. Kwa miaka yote ya kazi sijawahi kujitwisha isipokuwa siku ile. Ndani, chini ya unga na jembe, kulikuwa na bikwembe sita. Vitambaa vipya, vya kushona, havijakatwa. Kila kimoja nilikinunua kwa kubeba mchanga. Kama mkono wa mwenzangu ungeuinua ule mzigo, ungesikia mara moja kwamba iko kitu zaidi ya unga, ungeniambia toa. Nilijua, ndiyo maana sikuungoja.

Siku ya tatu mvua ilitunyeshea mlimani mchana mzima. Tulilala tumebanana kama nilivyosema, wote tumeloa. Asubuhi mtoto hakulia.

Tulipotaka kumzika hakukuwa na cha kumfungia. Nikafungua mzigo wangu, nikatoa kikwembe kimoja. Mdogo wangu alikuwa amekaa chini, akaona. Aliviona vile vitano vilivyobaki, vikavu, vimekunjwa, katikati ya unga. Akaniangalia mimi, akaangalia mzigo, akaniangalia tena. Kisha akanyoosha mkono akapokea kile nilichompa. Hakusema neno siku ile, wala miaka yote aliyoishi baadaye. Tulipika pamoja, tulicheka, alipougua nilimwogesha. Hakusema.

Na Ijumaa mjukuu wake angesimama mbele ya watu kusoma kwamba sikukosea mzigo hata mmoja.

Jumatano nilikaa na siri hiyo kifuani. Nilijiambia mtoto huyu ananipenda, nitapata nini kwa kumwonyesha? Nilijiambia ana miaka kumi na tisa, ana mtihani, ngoja amalize. Nikajiambia pia kwamba mdogo wangu mwenyewe alichagua kunyamaza, mimi ni nani. Lakini kila nilipomwona anajifunza kuusoma ule ukurasa mbele ya kioo, sauti imenyooka, mkono kifuani, niliona aibu. Nikimwacha asome, nitakuwa nimejitwisha tena mwenyewe.

Alhamisi asubuhi mabomba yalikauka, kama yanavyokauka kila mara, na lifti ilikuwa haifanyi kazi. Lori la maji likaja mtaani. Tukashuka na ndoo, tukapanga foleni na jengo zima, Warundi, Wakongo, Wazulu, wote na ndoo. Zamu yetu ilipofika, mjukuu wangu akaishika ndoo yangu kabla sijainama.

"Ngoja nikuinue. Si ndivyo mnavyofanya?"

Akaniwekea kichwani. "Koko, hii imejaa sana. Mwaga kidogo."

Nikamwaga. Tukapanda ngazi. Ghorofa ya nne ndipo ninapopumzikaga, kuna dirisha linalotazama bandarini. Tukatua ndoo. Nikamwambia akae.

"Ule ukurasa wa kwanza usiusome."

"Kwa nini? Unaona haya? Koko, acha mambo yako."

"Si kweli ulichoandika."

Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia blanketi, ukuta, bikwembe, mvua, asubuhi. Watu walipita na ndoo zao, "pole mama, pole mama," tukawapisha miguu, nikaendelea. Nilipofika pale mdogo wangu alipoangalia mzigo, nikashika ukingo wa dirisha, nikamaliza.

Alikuwa anatazama maji ndani ya ndoo yake.

"Haikuwa homa," akasema.

"Haikuwa homa."

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Alikuwa kaka yake."

"Ndiyo."

"Na wewe ulimwambia ni homa. Akiwa na miaka minane, ukamwambia ni homa." Akasimama. "Utamwambia wewe, koko. Mimi sitakubebea hiyo."

Akachukua ndoo yake akapanda. Nilimsikia ghorofa ya tano, ya sita, ndala zinapiga ngazi bila kupumzika. Nilidhani ataacha yangu. Baada ya muda akashuka, hakuniangalia, akaichukua ndoo yangu pia akaondoka nayo. Sikujua kama ni huruma au ni hasira. Mpaka leo sijui.

Siku ile nzima hakusema nami ila mambo ya lazima. Chumvi iko wapi. Sogea nipite. Mama yake alirudi amechoka vidole kwa kusuka, akauliza, "Nyinyi mmegombana nini?" na mjukuu wangu akasema ni mtihani tu. Nikala bugali langu kama udongo.

Ijumaa asubuhi mama yake alikuwa ameshapanda taksi kwenda kazini. Mjukuu wangu alivaa sketi yake nyeusi, akashusha vifuko kwenye fagio, akaanza kuvipanga katika mkoba. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Bila kugeuka akauliza:

"Blanketi ilikuwa kilo ngapi?"

"Mbili na nusu. Ikiwa kavu."

"Na bikwembe?"

Nilijua. Nimejua kila siku. "Vyote sita, karibu tatu."

Akaandika. Sikuona anaandika wapi. Akakishika kile kifuko cha bamba, kilichokuwa kimelala juu ya meza tangu Jumanne, akakipima kiganjani muda mrefu, kama ninavyofanya mimi. Nilitaka kumwuliza atakirudisha ama atakiacha, na akikirudisha atatoa nini, mzinga au mafuta, na ndege itafika juu au haitafika. Sikuuliza. Alikitia mkobani pamoja na vingine.

"Kuna mtu alipaswa kukaa kwenye kile kiti," akasema, sijui kama alikuwa ananiambia mimi. Akachukua mkoba, akafika mlangoni, akasimama.

"Leo, koko. Mama akirudi kutoka saluni. Mimi nitachelewa makusudi."

Kwenye meza alikuwa ameacha ukurasa wa kwanza, ameutoa kwenye kazi yake. Maneno ya mwisho, yale ya kwamba sikukosea mzigo hata mmoja, alikuwa ameyakata kwa mstari. Jina langu, koko, alikuwa ameliacha.

Nilikaa na ule ukurasa mpaka jua likahama dirishani. Kisha nikavuta sanduku lililo chini ya kitanda. Bikwembe vinne niliviuza njiani, kimoja kimoja, tukala. Cha sita bado ninacho. Sijawahi kukishona, sijawahi kukivaa, na nilipohama nyumba sikuwahi kumwacha mtu mwingine alibebe lile sanduku. Nikakitoa, nikakiweka juu ya meza.

Saa kumi na moja nikasikia ndala za binti yangu kwenye ngazi, anapumzika ghorofa ya nne, anaendelea. Akaingia, akatupa mkoba kitandani.

"Mama mkubwa, leo vichwa vilikuwa vitano, mgongo wangu umekufa. Mtoto amerudi? Amefaulu?" Akaona meza. "Na hiki kikwembe kizuri umekitoa wapi?"

"Kishike kwanza," nikamwambia. "Kiinue, usikie uzito wake. Halafu ukae."